Koma Hapa

Tembo Tsofa alisimamisha sanamu yake ya kwanza tarehe 12 Desemba 2021. Tarehe hiyo aliichora kwa msumari saruji ikiwa bado mbichi, na anayetaka kuhakikisha hana haja ya kumwuliza mtu. Akate kona kutoka barabara ya Lungalunga kabla hajafika Msambweni, afuate njia ya vumbi hadi minazi inapokwisha, kisha ainame penye miguu ya mwanamke anayetwanga. Maandishi yako upande wa kushoto. Tarakimu ya mwisho imebanduka kidogo kwa sababu ya mbuzi aliyekuwa na mazoea ya kujikunia pembe hapo.

Kabla ya siku hiyo Tembo alikuwa fundi wa vitu visivyodumu. Kwa miaka mingi alifanya kazi katika hoteli moja ya Diani, na kazi yenyewe ilikuwa kuchonga matunda. Tikiti maji lilikuwa waridi mikononi mwake, papai likawa kobe, na siku za sikukuu aliteremshwa ufukweni akajenge nguva wa mchanga ili wageni wapigwe picha naye. Mawaridi yaliliwa kabla ya adhuhuri. Nguva walichukuliwa na maji kujaa. Hoteli ilipofungwa wakati wa korona, kisha ikafunguliwa bila yeye, Tembo alirudi kwenye kiwanja alichokuwa amekinunua siku za neema, akamwambia mkewe, Rispah, kwamba sasa atatengeneza kitu kisicholiwa.

"Sawa," Rispah alimjibu. "Lakini sisi bado tunakula."

Leo sanamu ziko saba. Mifupa yake ni nondo kuukuu na waya wa kuku, nyama yake ni saruji, na ngozi yake ni vigae vilivyovunjika ambavyo Tembo alivizoa hoteli nyingine ilipokuwa ikibadilisha mabafu. Zote ni bapa na ndefu, zina vichwa vya mviringo kama sahani, na viwiliwili vyake vimekatwa pembetatu juu ya pembetatu. Mtu aliyezaliwa sehemu kavu za Kwale, kule Taru alikozaliwa Tembo mwenyewe, hulitambua umbo hilo kwa mbali. Ni umbo la koma, vile vigingi vya mbao ambavyo Waduruma huwasimikia wafu wao karibu na nyumba ili wawe na mahali pa kutua wanapokuja kuwatazama walio hai. Za Tembo zimezizidi koma za kweli kwa kimo, na jua la alasiri likizipiga vigae vyake hung'aa hadi mtu akafumba jicho.

Penye njia panda alisimika kibao cheupe. Rangi iliyokuwepo ilikuwa ile nyekundu ya mabati, basi aliandika kwa hiyo, herufi kubwa, maneno mawili tu ili dereva asipate shida: KOMA HAPA.

Alichokitaka Tembo kilikuwa kimoja, na hakukificha. Alitaka gari la watalii likate kona.

Mapema mwaka huu hoteli tatu za Diani zilikubaliana kuanzisha matembezi ya siku moja kwa wageni waliochoka kulala ufukweni. Asubuhi wangeingia msitu wa Kaya Kinondo, mchana wangepita juu ya daraja la mbao katika mikoko ya Gazi, na alasiri wangepelekwa mahali pa tatu ambapo palikuwa hapajaamuliwa. Waliogombea nafasi hiyo walikuwa wawili, akina mama wanaolima mwani Kibuyuni na Tembo. Msimamizi wa matembezi hayo ni Maryanne, mwanamke wa Kakamega aliyekuja pwani kutafuta kazi akabaki. Yeye na Tembo walifanya kazi hoteli moja na hadi leo humwita Fundi. Alimwahidi kwamba atamletea gari la majaribio, wageni wakipapenda basi nafasi ni yake.

Siku ya kwanza Tembo na Rispah waliosha vigae, wakaangua madafu, wakaazima viti vya kanisa. Gari halikuja. Maryanne alisema kwa simu kwamba dereva aliona njia haipitiki. Tembo alikwenda kuitazama njia, akajaza mashimo kwa kokoto mpaka mgongo ukamkataa. Siku ya pili waliona vumbi likipanda nyuma ya minazi. Walisikia injini, wakaisikia ikigeuza, kisha wakasikia mbuzi.

"Wametuona watu wa nyika," Tembo alisema. "Wakisikia mtu katoka Taru wanadhani atawaonyesha kwato kama jini."

"Nani kakuona?" Rispah aliuliza huku akikunja mkeka. "Hawajafika hata wakakuona."

Miezi yote hiyo ilikuwa ya namna hiyo. Mwandishi wa habari wa redio aliyeahidi kuja alipotea. Mzungu mmoja aliyefika kwa miguu alikuwa akitafuta choo. Jambo moja tu lilikuwa limetengenea: vijana wa bodaboda, ambao kwa muda mrefu walikata njia uani kwake na kuwatimua kuku, waliacha ghafla. Tembo hakujua sababu. Alijiambia labda sanamu zimewatia adabu.

Baada ya gari kugeuza mara ya pili alikwenda Ukunda kumtafuta dereva. Alimkuta penye gereji ya kuoshea magari, kijana mnene aliyevaa shati la hoteli, akimwagia magurudumu maji kwa bomba.

"Wewe ndiye Wafula?"

"Inategemea ni nani anauliza."

"Naitwa Tembo. Wa zile sanamu za njia ya Msambweni."

Wafula alirudi nyuma hatua moja, bomba likamlowesha viatu. "Ai! Ni wewe wa koma hapa! Buda, kwani mimi nilikukosea nini?"

"Unikosee wewe? Umenigeuzia gari mara mbili, kisha mimi ndiye niulizwe?"

"Si uliandika? Tena na nyekundu. Nimebeba wageni wanane, nafika kwa kona, naona mwenyewe amesema koma hapa. Mimi ni nani nisikome? Nikaambia Maryanne barabara ni mbaya. Singetaka kukuharibia jina."

"Koma ni koma," Tembo alisema polepole, kama anayemweleza mgonjwa.

"Ndiyo. Na mimi nikakoma."

"Si kukoma! Koma! Wazee! Waliokufa!"

Wafula alifunga bomba. Alimtazama Tembo, akatazama gari lake, akamtazama Tembo tena.

"Sasa hiyo," aliuliza, "ndiyo afadhali aje?"

Waosha magari walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Tembo hakucheka. Nyumbani alikuwa amekua na koma kwa Kiduruma, nazo zilikuwa ni bibi na babu, unga na tembo la mnazi, na sauti ya mama yake alfajiri akiwaomba wamlinde mtoto. Kazini alikuwa amesikia koma kwa Kiswahili, nayo ilikuwa ni ukali wa msimamizi wa jikoni. Maneno hayo mawili yalikaa kichwani mwake maisha yake yote kama majirani wasioamkiana. Yeye mwenyewe ndiye aliyeyakutanisha, akayapaka rangi nyekundu, akayasimika njia panda.

Alishuka njia panda na kuingia dukani kwa Abdulaziz, Mdigo ambaye kibao kile kilikuwa mbele ya meza yake tangu siku kiliposimikwa.

"Ulijua?" Tembo alimwuliza.

"Kujua nini, ndugu yangu? Kwanza salamu."

"Salama. Kibao. Ulijua kinasomekaje?"

"Kinasomeka koma hapa."

"Mbona hukuniambia?"

Abdulaziz aliweka chini kikombe cha kahawa. "Mimi Mdigo, Tembo. Koma nazijua, bibi yangu alikuwa akizitambikia. Lakini niliona nyekundu, nikaona na hilo 'hapa' lako, nikasema mwanamume kawachoka bodaboda. Wao wenyewe walisema hivyo. Walikuja hapa wakaniuliza, huyu Mduruma ana panga? Nikawaambia mimi sijui, lakini yuko kimya sana."

"Ukawaambia hivyo?"

"Si walikoma?"

Wakakaa kutafuta jina jipya, na kazi hiyo iliwachukua alasiri nzima. Tembo alisema ataandika SANAMU. Abdulaziz akamwonyesha kwa kidevu madrasa iliyo ng'ambo ya njia. Ustadhi akilisoma neno hilo, alisema, hotuba ya Ijumaa itakuwa ni yako peke yako, na mimi nitakuwa safu ya mbele nikitazama mkeka. Tembo akasema VINYAGO. Vinyago ni wale twiga wa mbao wanaouzwa ufukweni, Abdulaziz akamkumbusha. Nani atapanda gari kuwafuata wakati wao ndio humfuata mtu hadi majini?

"Basi nitaandika KWA TEMBO. Jina langu. Hilo halina ubaya."

Abdulaziz aliinamisha kichwa. Mabega yake yalikuwa yakitikisika.

"Nini tena?"

"Kwa Tembo. Utaletewa kila mlevi kutoka hapa hadi Vanga, na kibuyu chake mkononi. Na wale wasiolewa watakuja na darubini, watafute ndovu."

Tembo alikipaka kibao rangi nyeupe chote, akakiegemeza ukutani kikauke. Maryanne, alipoelezwa kwa simu, alicheka kwanza, kisha akasema jambo lililomchukiza Tembo zaidi ya kile kicheko. Wenzake kazini walikuwa wameshaanza kuwataja akina mama wa Kibuyuni kana kwamba mambo yamekwisha. Hata hivyo Maryanne alikubali kuleta gari mara moja zaidi, siku ya Alhamisi, na safari hii angekaa mwenyewe kando ya dereva.

Jumatano, shangazi yake Tembo akafika. Umazi ni mchuuzi wa mbuzi pale Taru, na ulimi wake unajulikana na madereva wa malori wa barabara kuu yote. Alikuwa ameleta mbuzi Kombani, akaona si vyema arudi bila kumjulia hali mtoto wa ndugu yake. Sanamu hakuwa amewahi kuziona. Alizipita zote saba, mkono mmoja kiunoni, kwa mwendo ule anaotumia kumkagua mbuzi kabla ya kutaja bei.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Hawa ni akina nani?"

"Ni koma."

"Umbo naliona. Nakuuliza majina."

Tembo hakuwa na majina.

"Huyu anayetwanga alikuwa mke wa nani?"

"Si mke wa mtu. Ni mfano."

"Mfano." Umazi alilirudia neno kama aliyepewa noti bandia. "Walikujia ndotoni? Kuna mtoto aliugua hapa ukaambiwa wanadai mahali?"

"Hapana, shangazi."

"Umewamwagia tembo?"

"Tembo ni mimi," alijaribu utani.

"Basi umejimwaga bure."

Rispah alikimbilia ndani, na kicheko chake kikasikika dirishani. Umazi hakucheka. Alirudi mbele ya ile sanamu ya kwanza, akaipiga kwa kucha, ikalia kama sinki.

"Saba," alisema. "Na Tsofa ana ngapi?"

Tsofa ni baba yake Tembo, na Umazi ni ndugu yake wa tumbo moja. Alifariki Taru msimu wa Krismasi, hoteli zikiwa zimefurika. Tembo alipewa ruhusa ya maziko tu, akazika, akarudi kuchonga mawaridi ya tikiti. Kigingi cha baba ni kazi ya mwana wa kwanza. Alisema atakisimika msimu wa watalii ukiisha. Msimu uliisha, ukaja mwingine, kisha ikaja korona, kisha zikaja saruji na vigae.

"Hana," Umazi alijijibu. "Kila goti langu likiniuma najua ni yeye. Anatafuta pa kukaa, anakuja kukaa hapa."

"Shangazi, mimi natafuta riziki. Ukiniondolea hilo neno nimebaki na nini? Saruji. Saruji hata hoteli wanayo."

"Neno si langu, nitakunyimaje? Liseme. Nitakaa pale nikusikilize ukilisema." Akaonyesha kiti kimoja cha kanisa, kilichokuwa kimepangwa tayari kwa kesho.

Alhamisi Wafula alianza kupiga honi tangu njia panda, bila kuacha, hadi akaingia uani. Alitoa kichwa dirishani. "Mwenyewe yuko? Tunaweza kukaribia?"

"Karibuni," Tembo alisema. Alikuwa amengoja neno hilo limtoke mdomoni kwa miezi, na sasa lilimtoka limekauka.

Wageni walipenda. Walizunguka, wakapiga picha, wakagusa vigae, wakanywa madafu. Maryanne alimkonyeza Tembo mara mbili. Miongoni mwao alikuwa Judy, mwalimu wa Nairobi aliyekuja likizo na dada yake, na kwa kuwa alikijua Kiswahili ndiye aliyeuliza.

"Samahani, Fundi. Hizi zinaitwaje?"

Umazi alikuwa amekaa kwenye kiti cha kanisa, akimenya muhogo wa kuchemsha. Hakuinua macho.

"Ni watu," Tembo alisema.

"Watu gani?"

"Watu wa huku."

"Ni watu wa kweli, waliwahi kuishi? Ama uliwabuni tu?"

Tembo alimtazama shangazi yake. Shangazi yake aliutazama muhogo.

"Niliwabuni," alisema. Hakuwa amewahi kulisema hilo, hata kwa Rispah.

"Ni nzuri sana," Judy alisema kwa moyo mweupe. "Zinafanana na zile za bustani ya hoteli yetu."

Kabla ya kupanda gari Maryanne alimvuta Tembo kando, nyuma ya tangi la maji. Alikuwa na furaha na alikuwa na haraka. "Fundi, wamependa. Nafasi ni yako. Nipe jina tu, kesho kipeperushi kinakwenda kwa mpiga chapa. Na usiniletee hadithi ya watu wa huku. Nitaandika Koma za Waduruma, halafu chini nieleze ni nini, hakuna atakayetishika. Hilo neno ndilo lililonivutia mimi tangu mwanzo."

Alichotakiwa kusema ni sawa. Herufi nne.

"Hilo siwezi," alisema. "Bado."

"Bado mpaka lini?"

"Mpaka nimalize ya baba."

Maryanne aligeuka akazihesabu sanamu kwa macho. "Ya baba ni ipi?"

"Haipo."

"Tembo." Kwa mara ya kwanza hakumwita Fundi. "Nimekupigania kwa wakubwa zangu. Nimewaambia kibao kilikuwa bahati mbaya. Sasa niwaambie nini, kwamba baba yako, Mungu amrehemu, hajapata sanamu? Basi niambie jina lingine. Lolote."

Akajaribu kutafuta lolote. Sanamu, na akamwona ustadhi. Vinyago, na akaona twiga. Kwa Tembo, na akawaona walevi wa Vanga. Kwa Tsofa lilimjia mara moja, zuri, fupi, la kueleweka, na palepale akajua kwamba Tsofa hayuko hapa, yuko Taru, tena amesimama. Wafula alipiga honi. Maryanne alisubiri kidogo zaidi ya ilivyompasa, kisha akapanda gari.

Anayedhani Tembo alijisikia mwema siku hiyo hakumwona. Aliipiga teke ndoo ya maganda ya madafu hadi ikavunjika mshikio. Alimwambia shangazi yake kwamba amekuja kutoka Taru kumwua njaa. Umazi alimjibu kwamba njaa haitofautishi koma na mfano, na kwamba muhogo ulikuwa haujaiva. Rispah alirudisha viti kanisani peke yake, na usiku huo kila mtu nyumbani alimpa mwenzake mgongo.

Ijumaa ujumbe wa Maryanne uliingia kwenye simu. Ulisema Kibuyuni. Ulisema pole, na kwamba njia itapangwa upya Desemba. Tembo aliusoma amesimama uani, na alipokuwa akiusoma pikipiki mbili zikapita kati yake na mwanamke anayetwanga, kuku wakaruka. Vijana walikuwa wamesikia kwamba kibao kimefutwa.

Matembezi ya hoteli yanaanza tarehe mosi Julai, na gari la Wafula litapita lami moja kwa moja hadi Kibuyuni. Kibao kipo ukutani, cheupe. Tembo amepata gogo la mti mgumu usioliwa na mchwa, na kwa kuwa visu vya matikiti havifai kitu juu ya mbao ya namna hiyo, ameazima patasi kwa Abdulaziz. Jumapili anakwenda Taru pamoja na shangazi yake.